PowerPrep ya ETS: nimejiandaa nayo GRE baada ya miaka kumi bila kushika kitabu

PowerPrep ni mitihani ya mazoezi ya GRE, ule mtihani wa kuingilia masta na PhD. Nianze na nyota ninazoipa kabisa ili mwenye haraka zake aondoke nazo: nne kati ya tano. Hiyo moja niliyokata nitaieleza huko chini na nina sababu.

Mimi ni afisa lishe, niko Morogoro, digrii ya kwanza nilimaliza 2015. Tangu hapo vitabu vyangu ni rejesta ya kliniki na miongozo ya kazini, na hesabu yangu kubwa ni kuchukua watoto waliopimwa uzito mwezi huu nagawa kwa waliotakiwa kupimwa, basi. Mwanzoni mwa 2025 nikaamua kuomba masta Marekani, nikawaandikia vyuo vitatu, viwili vikanijibu GRE sio lazima, kimoja kikasema lazima, na hicho kimoja ndio chenye kozi niliyoitamani miaka yote, lishe ya mama na mtoto. Hapo ndo safari ilipoanzia. Na wewe unayesoma hapa hakikisha kwanza, fungua ukurasa wa kozi yako usome mwenyewe, maana programu nyingi ziliiondoa GRE kipindi cha corona na nyingine mpaka leo hazijairudisha, usije ukalipa dola 220 kwa pepa ambalo hakuna aliyekuomba. Dola 220 kwa hela yetu ni zaidi ya laki tano jamani, sio hela ya kuchezea.

Kwa ambaye haijui, GRE ni mtihani wa kuingilia masta na PhD, unatungwa na shirika la ETS, hao hao wa TOEFL, ule mtihani wa kupima Kiingereza. Una insha moja ya dakika 30, una Kiingereza (wenyewe wanaita verbal) vipande viwili, na hesabu vipande viwili, jumla saa 1 na dakika 58. Maki za Kiingereza na hesabu zinaanzia 130 mpaka 170 kila upande, insha ni 0 mpaka 6. Matokeo yanadumu miaka mitano.

Sasa kabla sijafika kwenye PowerPrep niseme nilikopotelea kwanza, maana naona wengi tunapotelea hapo hapo. Mtu mzima ukisikia neno mtihani akili inakimbilia tuisheni. Nikatafuta, nikapata sehemu moja (sitaitaja jina), nikalipa laki tatu na nusu kwa wiki sita, nikawa natoka Moro Jumamosi alfajiri narudi usiku, watoto nawaachia baba yao. Walitupa desa limetolewa kopi mpaka herufi zimefifia, tukafundishwa kuandika insha mbili, tukaambiwa pepa ni karibu masaa manne. Wiki ya nne ndo najisomea mwenyewe tovuti ya ETS nakuta pepa limebadilishwa tangu Septemba 2023, limefupishwa karibu nusu, insha ya pili ilishaondolewa kabisa. Mwezi mzima nilikuwa najifunza kuandika kitu ambacho hakipo! Nilivyomuuliza mwalimu wa pale akasema "haidhuru dada, itakusaidia tu". Inanidhuru kaka yangu, mimi sio mwanafunzi mwenye siku nzima, mimi nina masaa mawili tu kwa siku na nimeyalipia kwa usingizi. Sikurudi tena, na hela sikudai, niliona nitapoteza na hayo masaa.

Huo ndo usiku niliofungua akaunti ya ETS. Kufungua ni bure, na ukishafungua unakuta mitihani miwili ya PowerPrep bure kabisa, hujaweka kadi, hujalipia pepa lenyewe, hakuna cha nini. Ni mitihani kamili, imetungwa na wale wale wanaotunga pepa lenyewe, na skrini utakayoiona ni ile ile utakayoikuta siku ya siku. Tumia kompyuta, laptopu ya kuazima inatosha, ila simu isahau.

Mtihani wa kwanza nilifanya kesho yake bila kusoma chochote. Watu waliniambia soma kwanza miezi miwili ndo ujipime, nashukuru sikuwasikiliza. Saa kumi na nusu alfajiri nimekaa mezani jikoni, chai pembeni, mlango nimefunga, laptopu ya ofisi. Swali la kwanza la hesabu ni asilimia, kitu kama bei imepanda asilimia 20 halafu ikashuka asilimia 20, je imerudi palepale? Jamani mimi asilimia ndio kazi yangu, kila mwezi naandika asilimia kwenye ripoti, lakini nikaganda. Nikaanza kuandika kwenye karatasi, nikafuta, nikaandika, macho yananikimbilia kwenye saa juu ya skrini, inahesabu kurudi nyuma. Kipande cha kwanza cha hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, yaani dakika moja na robo tatu kwa swali, mimi lile moja tu nimelikalia dakika nne. Kitenge cha elfu kumi kikipanda asilimia 20 ni elfu kumi na mbili, kikishuka asilimia 20 ya hiyo elfu kumi na mbili ni 9,600, hakirudi palepale. Ningekuwa sokoni ningejibu nimesimama. Nilipata 146 hesabu na 148 Kiingereza.

Nililia kidogo, sitaki kudanganya. Ila kwa mtu aliyekaa nje ya shule miaka mingi nadhani huu ndo msaada mkubwa kuliko wote wa hii PowerPrep, ilinionyesha ugonjwa wenyewe uko wapi. Nilidhani nimesahau hesabu. Sikuwa nimesahau, nilipoyarudia yale maswali jioni bila saa, nusu ya niliyokosa nikayapata mwenyewe. Nilichopoteza ni ile hali ya kwenye pepa, kukaa dakika zaidi ya mia bila kuinuka, kuona swali gumu ukaliacha bila kulilia, kuamini jibu la kwanza ukasonga. Hivyo hakuna desa linalokurudishia, unarudishiwa na kukalishwa mbele ya saa mara kwa mara. Kuanzia hapo sikusoma tena hata siku moja bila kuweka taimu kwenye simu, hata yakiwa maswali matano tu.

Kuna vitu vidogo vidogo pia ambavyo ukivikuta kwa mara ya kwanza siku ya pepa vitakula muda wako. Kalkuleta ipo, iko ndani ya skrini, ila ni ile ya jumlisha toa zidisha gawa na kipeuo cha pili, na ni nzito, mpaka umeifungua umeburuta pembeni isizibe swali sekunde kumi zimeenda, kwa hiyo utajifunza kwa nguvu kuwa 15 mara 8 unafanya kichwani. Kuna kitufe cha kuweka alama kwenye swali urudi baadaye, ndani ya kipande kile kile unaweza kurudi na kubadilisha, ukishatoka kipande umetoka. Kuna maswali ya kuchagua majibu mawili au zaidi, usipoyapata yote hakuna maki ya nusu. Kukosa hakukatwi maki, kwa hiyo usiache swali wazi hata moja, mimi kwenye ule wa kwanza niliacha matano wazi kwa woga wa mazoea ya shule, nikidhani watanikata! Na ukifanya vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi, hilo nilikuja kulielewa baadaye, ukiona maswali yamekuwa makali ghafla usitetemeke, ni dalili nzuri.

Hesabu zenyewe usiziogope, ni za sekondari, aljebra, jometri, uwiano, asilimia, grafu na takwimu kidogo, hakuna trigonometria wala kalkulasi. ETS wameweka na kitabu chao cha marudio ya hesabu, PDF ya bure, nikaenda steshenari nikaprinti, nikawa natembea nacho kwenye mkoba, kwenye daladala nasoma, kliniki mama wakiwa hawajafika nasoma. Na kwenye takwimu kazi yangu ilinibeba kwa namna ambayo sikuitegemea. Wanapozungumzia wastani na sijui umbali wa namba kutoka kwenye wastani, mimi ndo lugha yangu ya kila siku, mtoto urefu wake ukiwa chini ya hasi mbili kwenye chati tunasema amedumaa, ile hasi mbili ndo hiyo hiyo wanayouliza kwenye GRE. Kwa hiyo kama ulikuwa kazini miaka yote hiyo usijione uko nyuma ya hawa watoto waliomaliza juzi, kuna kitu umekuwa ukikifanya kwa mikono kila siku ambacho wao wanakikariri. Kitafute ni kipi.

Sasa ile nyota niliyokata. PowerPrep ya bure ukimaliza inakuonyesha ulipokosa na jibu sahihi, basi, kwa nini ni hilo haikuambii. Kwa kijana aliyezungukwa na wenzake wa darasani sio shida, atamuuliza mtu. Mimi wa kumuuliza ni nani, wenzangu ofisini wote tulimaliza zamani. Nimekaa na jibu "D" naliangalia nusu saa, silielewi, linanikera. ETS mnajua kabisa watu wanaotumia za bure ndio wasio na hela ya mwalimu, mngeweka hata mistari miwili ya maelezo. Kuna zile za kulipia, PowerPrep Plus, mtihani mmoja ni kama dola 40, sikununua, nilipiga hesabu nikaona hiyo ni zaidi ya mahitaji ya nyumbani kwangu ya wiki.

Nilichofanya, jirani yetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, amefundisha sekondari maisha yake yote. Kila Jumapili jioni nikawa nampelekea maswali niliyokosa nimeyaandika kwenye daftari.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, leo mangapi?"

"Sita."

Siku ya kwanza alivaa miwani akayasoma yote kimya, akaniuliza hizi za kidato cha pili zinakupeleka Marekani? Nikamwambia ndio mwalimu, ila kwa dakika moja na robo tatu. Akatikisa kichwa. Kuna swali linasema x ni kubwa kuliko sifuri, linganisha x mara x na x yenyewe, kipi kikubwa. Mimi nilijibu x mara x, nani asiyejua namba ukiizidisha kwa yenyewe inakua? Yeye alikuwa anamenya chungwa. Akalikata katikati, akachukua kile kipande akakikata tena katikati, akaniwekea mkononi. "Hiyo ni nusu mara nusu. Imekua?" Nikaangalia robo ya chungwa mkononi mwangu. "Haijakua." "Haya kula, tuendelee." Jibu lilikuwa haiwezekani kujua, inategemea x ni ngapi. Tangu siku hiyo kila nikiona swali la kulinganisha najaribu kwanza nusu, halafu moja, halafu namba kubwa, na kama hawajasema ni chanya najaribu na hasi, na maswali ya aina hiyo sikuyakosa tena isipokuwa kwa haraka. Mwalimu hakukubali hela, nilikuwa nampelekea sukari na kumpima presha mama wa pale nyumbani kwake.

Insha nayo PowerPrep ya bure haikusahihishii, unaandika, unaonyeshwa mifano ya insha za wengine na maki walizopewa, unajilinganisha mwenyewe. Hapo nilipata faida nyingine, ETS wameweka hadharani orodha nzima ya mada za insha, mada yako itatoka humo humo. Ni nyingi huwezi kuzikariri, lakini ukisoma hata thelathini unaona zinajirudia, elimu, serikali, teknolojia, viongozi, unajiandalia mifano yako. Mimi mifano yangu yote niliitoa kwenye kazi, chanjo, maji, mashamba ya mahindi, kuwashawishi akina baba waje kliniki na wake zao, na iliniletea 4.0. Tatizo langu kubwa lilikuwa vidole. Miaka yote naandika kwa dole gumba WhatsApp, kibodi nimeisahau, na kile kisanduku chao cha kuandikia hakisahihishi spelingi, neno ukilikosea halipigwi mstari mwekundu. Fanyeni mazoezi ya kuchapa jamani, dakika 30 zinaisha kama hujaanza.

Msamiati ndo sehemu ambayo PowerPrep haitakubeba, mitihani miwili haina maneno ya kutosha. Nilitumia Anki, app ya kadi za kukariri, ya bure kwenye Android, unatengeneza kadi zako mwenyewe. Mwezi wa kwanza niliandika maana kwa Kiingereza nilivyozikuta kwenye kamusi, nazikariri usiku, asubuhi zimeruka. Nikabadilisha, nikaanza kuandika maana kwa Kiswahili chetu, gregarious nikaandika "mtu wa watu", laconic "hana maneno mengi", obsequious "anajikomba kwa bosi" (na nikamuwaza mtu kabisa), penurious "hohehahe". Hazijatoka kichwani mpaka leo. Maneno ishirini kwa siku, siku za wiki, Jumamosi na Jumapili narudia tu. Na usijiambie unajua Kiingereza kwa sababu unaandika ripoti za Kiingereza, mimi nilijiambia hivyo, halafu nakutana na sentensi ina nafasi tatu za kujaza na ukikosa moja zote tatu zimeenda.

PowerPrep ya pili niliificha. Hili nawasihi sana, msizifanye zote mbili wiki moja kwa hamu, ukishayaona maswali yake umeyaona. Niliifanya siku kumi kabla ya pepa, saa ile ile ya pepa lenyewe, watoto nimewapeleka kwa bibi yao, chupa ya maji nimeiacha nje ya chumba. Katikati ya kipande cha mwisho umeme ukakatika mtaa mzima, bahati nzuri betri ya laptopu ilikuwa imejaa na intaneti natumia ya simu, nikamalizia gizani. Nikapata 158 hesabu, 153 Kiingereza. Nilikaa pale kwenye giza naziangalia zile namba kwa muda.

Pepa lenyewe nilifanyia Dar mwezi wa sita. Unaweza kufanyia nyumbani pia, msimamizi anakuangalia kupitia kamera, lakini baada ya lile giza sikutaka kubahatisha. Nilipanda SGR siku moja kabla, daraja la kawaida elfu kumi na tatu, nikalala kwa dada yangu Tabata. Pale kituo cha mtihani nilienda na pasipoti, simu na mkoba vinafungiwa kwenye kabati, unapewa karatasi za kuandikia na penseli, unaingia. Hakuna mapumziko katikati, ukitoka chooni saa inaendelea kuhesabu, kwa hiyo chai ya asubuhi iwe ya kiasi. Na ile skrini ilipofunguka niliona kama nimerudi jikoni kwangu, rangi ile ile, kile kitufe cha kuweka alama pale pale, kalkuleta nzito ile ile. Dada mmoja pembeni yangu alinyoosha mkono kuuliza kalkuleta inafunguliwaje, na muda wake unaenda. Nilimuonea huruma sana.

Ukimaliza maki za hesabu na Kiingereza zinatokea hapo hapo, za insha ndo zinakuja na matokeo rasmi kama wiki moja na kidogo baadaye. Hesabu 157, Kiingereza 154. Angalieni hizo namba na zile za PowerPrep ya pili, zimepishana moja moja tu, ndo maana naiamini. Kutoka 146 mpaka 157 kwa wiki kumi na nne, mama wa watoto wawili, kazi ya kuzunguka vituo vya afya, na gharama yangu ukitoa ile tuisheni na ada ya pepa ni kuprinti na vocha za intaneti.

Nilipiga simu kwa mwalimu nikiwa bado nje ya kituo, akauliza swali la x walileta? Nikamwambia walileta, mawili. Akacheka mpaka akakohoa.

Wifi yangu naye sasa anataka kuomba, amekaa nje ya chuo miaka saba, jana alikuja kuniuliza aanze kusoma kitabu gani. Nimemkalisha mezani jikoni, simu yake nimechukua mimi, nimemfungulia PowerPrep ya kwanza, nikatoka na watoto nje na mlango nikaufunga.